Mayi, Mara Moja

Beni, Juni 2001

Kwa yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa Séphora, Oicha,

Nakusalimu kwa heshima katika Bwana, nikitumaini kwamba wewe, shemeji Paulin na watoto mnaamka vizuri, na kwamba kakao inakauka licha ya mvua hii. Mimi naamka, ingawa usingizi wenyewe umenikimbia.

Ulifurahi nilipopata kazi ya ukalimani kwa komanda wa askari wa kigeni. Kingereza changu ni cha katikati tu: nakisoma vizuri, nakisema kwa kupapasa. Lakini nilitaka anipendekeze kwenda kusoma Kampala, kwa hiyo nilijieleza kama bingwa. Nilimfafanulia hata kazi yangu ya mwisho wa masomo kule Butembo, kwamba programu ya kompyuta inayofasiri haivuki moja kwa moja kutoka maandishi ya mtu hadi lugha ya mashine. Hupitia kwanza lugha ya kati. Akacheka, akasema basi hapa lugha ya kati ni mimi.

Jumanne aliletwa mzee Zorobabel, jirani yako, aliyekamatwa na mfuko wa chumvi akielekea msituni. Alijieleza kwa Kiswahili chetu. Komanda, ambaye Kiswahili chake nacho ni cha katikati, alisimama ghafula akiuliza kama amesikia Mayi-Mayi, wale wapiganaji wanaovizia askari wake. Nilimjibu kwamba huku kwetu mayi ni maji. Nikasema mzee alikuwa akimpelekea mtoto wake chumvi na maji shambani, na woga ndio unaomfanya arudie maneno. Akanitania kwamba sisi hata maji tumeyaharibu jina, akamwachilia.

Yaya, mzee hakubabaika. Alisema wazi: nilipelekea Mayi-Mayi chumvi, juu balikamata mutoto wangu, yaani kwa sababu walimkamata mtoto wake. Katika lugha ya kati ndipo programu hufuta marudio yasiyo na kazi. Mimi nilifuta mayi moja nikijua ina kazi.

Sasa komanda amemwita sajini anayesikia Kiswahili kuliko yeye, na Jumatatu mzee atarudishwa aulizwe upya. Mzee hajui nilichosema kwa niaba yake, maana hasikii Kingereza. Akirudia ukweli wake, tutakufa wawili.

Nakuomba uende kwake leo. Usimwandikie. Mwambie kwa mdomo, kwa Kinande chetu, isipite lugha nyingine yoyote: alikuwa akimpelekea mtoto chumvi na mayi ya kunywa shambani, na ya pili ilimtoka kwa woga; alimaanisha mayi, mara moja tu.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama asijue.

Mdogo wako akutegemeaye,
Phinées Kitsa