Baba Mkwe Alinikuta na Wigi

Basi Dada Mshauri, lile wigi jeupe likaanguka miguuni pa baba wa mchumba wangu na mimi bado nimeinama, naomba unisaidie maana tangu juzi sijui kama nina mchumba au sina. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia njiani, kuongea mbele za watu siwezi ila kuangalia naangalia sana. Kuna mama mmoja mwalimu wa chuo, anafundisha vitabu vya Ulaya vya karne ya kumi na nane, alinipa picha ya koti la bwana mkubwa wa enzi hizo nimshonee, anasema ukisoma vitabu vile bila kujua watu walivaaje na walicheza muziki gani umesoma nusu, ndiyo maana darasani kwake wanafunzi wa vitabu, wa muziki na wa historia wanakaa pamoja. Lilipoisha akasema, "Mwanangu, livae tuone waliinamaje kusalimia." Nikavaa koti na vyote alivyokuja navyo, suruali ya kuishia magotini, soksi ndefu, viatu vya visigino, poda usoni na lile wigi kichwani, akanifundisha kuinama. Akatoka kupokea simu, na hapo ndipo baba wa mchumba akaingia kibandani kwangu kufuata suruali aliyoniletea nimshonee. Yeye anachomelea mageti, hana mchezo. Akauliza, "Ndiyo wewe unayemtaka binti yangu?" Mdomo ukagoma, nikainama vilevile nilivyofundishwa. Akaondoka, suruali akaiacha. Nifanyeje?

Fundi Mnyamavu

Fundi, pole, ila nimecheka mpaka nimefuta macho. Kuvaa hukukosea. Ulikosea kumwacha mzee aende na jibu alilojitungia. Na mchumba usimtume, yeye si mdomo wako. Ipige pasi suruali ya mzee, mpelekee mwenyewe pamoja na ile picha. Ukishindwa kusema, onyesha. Kisha mwalike darasani kwa yule mwalimu akaone. Fanya leo, usingoje ujasiri.

Dada, nimefanya. Mzee alikaa mbele kabisa darasani, mimi nimesimama na koti lile mwilini, akanyoosha mkono: "Sasa mtu kavaa hivi, kazi anafanya saa ngapi?" Mwalimu akafurahi, akasema swali hilo limejaa kwenye vitabu vile, koti lilikuwa la kuonyesha kwamba mwenyewe hashiki kazi. Mzee akanigeukia. "Basi wewe halikufai, mkwe. Wewe una kazi." Darasa likacheka, mimi nikapumua kama mtu aliyetua gunia. Naomba niende sasa, mzee amesimama hapa na mikono ameinyoosha anangoja nimpime, na yeye anataka koti kama lile, la kuvaa siku ya harusi yetu.