Siku Maua ya Somoe Yaliposhushwa

Kinondoni,
9 Septemba 2024

Kwa shemeji yangu Somoe,

Assalaam aleikum. Habari za hapo Kiwalani? Baba na mama hawajambo? Mdogo wako naye? Sie huku afya tunayo, sura ya kumtazama mtu ndiyo hatuna.

Nimekupigia mara nyingi, simu yako haipatikani tangu ile Jumamosi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kitu ambacho sijakifanya tangu nimalize shule. Barua hii anakuletea Gibson, dereva wa bajaji anayenibebea maua. Hana maneno mengi, usimwogope. Nimempa na mfuko wenye viatu vyako vyeupe na kanga ya mama yako. Vilibaki kwenye chumba cha bibi harusi.

Shemeji, sijui nianzie wapi. Baba zetu wadogo walifika msikitini kwenu tangu Alasiri. Sheikh amekaa, baba yako amekaa, na mie nipo ukumbini namalizia jukwaa nikijua bwana harusi yuko njiani. Kumbe Nawaf alikuwa ameshapanda boti ya asubuhi kwenda Unguja kwa shangazi. Yuko huko mpaka leo, simu hapokei.

Nawaf ni mdogo wangu wa tumbo moja, na alichokifanya kimenivunja uso. Wewe huna kosa lolote. Tuwieni radhi sana. Wasalimie wote nyumbani, na baba mpe shikamoo yangu, kama ataipokea.

Shemeji yako,
Awadh


Kiwalani,
22 Septemba 2024

Kaka Awadh,

Waaleikum salaam. Wazima sie, tunashukuru. Mama presha inampanda na kushuka, ila dawa anameza. Viatu nimevipata, na kanga pia. Shikamoo yako sijaifikisha, baba hataki jina la kwenu litajwe ndani.

Usiniite shemeji. Ndoa haikufungwa.

Simu nimeizima kwa ajili ya ile video. Naamini umeiona. Binti kavaa shela, kashika mlango, mdomo wazi, na chini wameweka muziki wa singeli. Walioirekodi ni watu waliokuwa wanakula pilau letu.

Kaka, barua yako nzima umemwongelea Nawaf. Mie nataka nikuongelee wewe.

Nilikuwa kile chumba cha ndani, hina imeshakauka, Noela aliyenipamba ananiambia, "Tulia, ni foleni tu hiyo." Nikasikia vigelegele vimekatika. Baadaye kidogo ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyekuja kuniambia kitu. Nikasema ngoja nichungulie, nikafungua mlango, nikakuona uko juu ya ngazi unashusha asumini juu ya kiti changu. Waridi zilishakuwa chini kwenye ndoo. Tukatazamana, kaka. Usiseme hukuniona. Ukageuka, ukaendelea kufungua nyuzi.

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa siolewi. Hakuniambia mama, hakuniambia sheikh. Niliambiwa na mikono yako.

Sasa huku mtaani wanasema Nawaf aligundua kitu. Wengine wanasema nina mimba, wengine wanasema nina mume kule kwetu Newala. Bombani ndiyo habari, eti mtu hakimbii harusi yake bure. Baba ameacha kwenda msikitini. Anaswali chumbani, halafu anarudi kwenye vinyago vyake, anachonga akiwa ameupa mlango mgongo.

Somoe,
binti wa Mzee Nangumbi


Kinondoni,
25 Septemba 2024

Kwako Somoe,

Assalaam aleikum. Mama anaendeleaje na presha? Mungu ampe nafuu. Nimepokea barua yako jana na nimeisoma dukani nikiwa nimesimama.

Ni kweli nilikuona. Na ni kweli nilishusha maua kabla hujaambiwa. Naomba unielewe kwa hili moja. Niliwaza kwamba utatoka na kukuta viti viwili vimepambwa, kimoja hakina mtu, na wageni wote wanakitazama. Nikasema bora nikupunguzie. Nilikosea, lakini nia ilikuwa hiyo.

Haya maneno ya mtaani lazima yakome. Nitamleta mama hapo Kiwalani, akae na wazee wako, aseme kwa mdomo wake kwamba kosa ni la kwetu. Nipe wiki mbili hivi. Mama yangu ni mgumu, ila mie ni mwanawe mkubwa, atanisikiliza.

Kaka yako,
Awadh


Kiwalani,
3 Novemba 2024

Kaka Awadh,

Waaleikum salaam. Natumai mko salama wewe na mama yako. Sie tupo.

Mama yako hajaja. Mwanzoni mama yangu alikuwa anafagia uwanja kila Alasiri na kuweka birika jikoni, kwa sababu nilimwambia watakuja. Siku hizi ameacha. Hajaniuliza, na mie sijamwambia kitu.

Mdogo wangu alikuwa ameposwa na watu wa Temeke. Wiki iliyopita mshenga wao, mzee Kamugisha, kaja, kanywa chai, kasema kijana bado anajipanga, tusubiri kidogo.

Baba akamuuliza, "Tusubiri nini?"

"Mzee mwenzangu," akasema, "maneno ya watu unayasikia mwenyewe."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote. Tangu siku hiyo hasemi na mie. Tunalala kitanda kimoja, kanipa mgongo.

Na kuhusu viti viwili, sikuamini. Mtu anayetaka kunipunguzia angeshuka ile ngazi, angekuja mlangoni, angeniambia, "Somoe, Nawaf haji." Ningelia, lakini ningelia mlango ukiwa umefungwa. Wewe uliniacha pale na simu za watu.

Usiniandikie tena kama huna la kweli.

Somoe


Kinondoni,
14 Novemba 2024

Dada Somoe,

Assalaam aleikum. Nakuombea uzima, wewe na wazee, na huyo mdogo wako aliyenuna kwa ajili yetu.

Umesema nisiandike kama sina la kweli. La kweli ni hili. Viti viwili nilivifikiria baadaye, nikitafuta cha kukujibu. Pale ukumbini nilipigiwa simu na mama. Akasema, "Nawaf haji. Nimemwambia akimuoa huyo radhi zangu hana. Shusha vitu vyako vyote uondoke, sitaki kitu chetu kibaki kwa wachonga vinyago."

Nikamuuliza, "Mama, na bibi harusi je?" Akakata simu.

Nikapanda ngazi. Nina mvi kichwani, Somoe, na nilipanda ile ngazi kama mtoto aliyetumwa dukani. Ulipofungua mlango tulitazamana. Sikujua macho niyaweke wapi, nikayarudisha kwenye nyuzi. Mpaka leo nikifunga ua kwenye jukwaa la mtu nauona ule mlango.

Mama aliitikia posa kwa mdomo tu, kwa sababu Nawaf alimng'ang'ania. Siku tulipopeleka mahari alisingizia kichwa, ndiyo maana hata sura yako haijui. Nilimwomba aje kwenu. Nimemwomba nikiwa nimekaa, nimemwomba nikiwa nimepiga magoti. Anasema, "Mie Thuraya, nikainamishe kichwa Kiwalani?" Nikanyamaza, na wiki zikapita, kwa sababu kumnyamazia mama ndiyo kazi niliyozoea.

Kesho Ijumaa nitakuja kuswali msikiti wenu. Mwambie baba. Akiona hawezi kuja, asije. Mie nitasema hata kama hayupo.

Awadh


Kiwalani,
17 Novemba 2024

Kaka Awadh,

Waaleikum salaam. Umeamkaje? Umekula? Nauliza kweli, kwa sababu Gibson ameniambia mambo.

Ile Alhamisi nilimsomea baba barua yako yote, hata pale pa wachonga vinyago. Aliendelea kuchonga. Nikajua hatakwenda. Ijumaa saa sita akaweka tezo chini, akamwambia mama, "Nipe kanzu yangu."

Aliyoyaona ametusimulia sie wote tumekaa mkekani. Anasema baada ya swala ulimwomba imamu ruhusa, ukasimama, sauti ikawa haitoki. Mtu wa nyuma akasema, "Ongeza sauti!" na vijana wakacheka. Ndipo ukasema, "Naitwa Awadh, kaka wa yule bwana harusi ambaye hakuja. Binti wa Mzee Nangumbi hana doa. Kosa ni la nyumba yetu. Tulijiona bora kuliko wao. Mama yangu alikataa, mdogo wangu akaogopa, na mie nikashusha maua huku yeye ananitazama."

Mzee mmoja akakuuliza, "Mama yako anajua unayasema haya?"

Ukamjibu, "Atajua leo."

Baba alirudi akala ugali wote, akaomba na wa nyongeza. Hakukusifia, sikufichi. Alisema tu, "Amesema." Lakini Alasiri akatoka tena kwenda msikitini, na kiti chake cha kuchongea sasa kinatazama mlango.

Nilidhani nami nitapata nafuu. Jana amekuja jirani yule aliyekuwa anavumisha mimba, akanikumbatia, akalia. Kwa kweli nilitamani aendelee kunisengenya. Kuonewa huruma nako ni aibu, kaka, na kwa hii huwezi hata kumgombeza mtu. Zamani walisema nina kosa. Sasa wanasema nilikataliwa kwa sababu ya kwetu, na wanasema kwa upole.

Gibson anasema mama yako amekutoa nyumbani na unalala stoo. Hilo sikulitaka. Nieleze.

Somoe


Kinondoni,
5 Januari 2025

Dada Somoe,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Wazee wanaendeleaje? Mwaka huu Mungu awafanyie wepesi.

Ni kweli nipo stoo. Si mbaya, nina godoro, na harufu ya maua nimeizoea. Mama habari zilimfikia kabla sijafika nyumbani, kuna mtu alinirekodi. Nilimkuta amekaa sebuleni na simu mkononi. Hakupaza sauti. Akasema, "Umenianika mbele ya wanaume nisiowajua." Halafu akasema, "Toka." Tangu hapo nikimsalimia haitikii, na wateja wa kwetu wawili watatu wameniondoa kwenye harusi zao.

Nawaf kapiga simu kutoka Unguja, kalia, kaniita msaliti, kalia tena. Nilimwambia arudi aje kwenu mwenyewe. Sidhani kama atarudi.

Nikwambie ukweli wote, maana ndivyo ulivyotaka. Sijutii kusema. Lakini naona haya kwa namna nilivyosema. Ile aibu niliyoitoa kwa baba yako niliichukua nikaenda kumbebesha mama yangu, mwanamke mzee, hayupo hata kujitetea. Anaswali peke yake, anakula peke yake, majirani wamepunguza kuja. Napita mlangoni kwake asubuhi, naona kandambili zake, naenda zangu.

Sikuombi kitu. Umeuliza nami nimekueleza.

Awadh


Kiwalani,
26 Februari 2025

Kaka Awadh,

Assalaam aleikum. Hujambo? Stoo huko joto la mwezi huu unalivumiliaje? Sie wazima, presha ya mama imetulia. Nimepata kazi ya kufundisha chekechea hapa mtaani, watoto hawana habari na video. Mshenga wa Temeke amerudi, safari hii baba kamwacha asubiri uwanjani mpaka chai ikapoa.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la jana.

Jana Alasiri bajaji ilisimama hapa nje, akashuka mama mmoja na buibui, peke yake. Baba alikuwa anachonga. Akauliza, "Hapa ndipo kwa Mzee Nangumbi?"

"Ndipo," baba akasema.

"Mie ndiye mama yake Nawaf."

Baba hakuinua kichwa. Tezo ikaendelea, ko, ko. Mama yangu ndiye aliyetoka na kiti. Mie nikaleta maji. Mama yako alishika glasi kwa mikono miwili.

Akaniangalia sana. "Wewe ndiye Somoe?"

"Ndiyo. Shikamoo."

Hakuitikia marahaba. Akasema, "Ile video yako nimeitazama. Nimeitazama peke yangu." Akaweka glasi chini, tukadhani amemaliza. Kisha akasema, "Aliyefanya ni mie." Majirani walikuwa wameshajaa ukutani, wanaona kila kitu. Alijua wanaona. Hakuondoka.

Alikaa pale mpaka adhana ya Magharibi. Baba akaweka tezo chini, akasema, "Wakati wa swala," akaenda zake msikitini. Mama yangu akamchukua ndani, wakaswali mkeka mmoja. Alipotoka nilimsindikiza kwenye bajaji. Ameshapanda, ndipo akaniambia bila kunitazama, "Awadh hajala kwangu tangu ile Ijumaa."

Sijui alikuwa ananilaumu au ananituma.

Kaka, sijamsamehe. Nimempa maji tu. Nawaf sitaki hata kumsikia, na wewe nikikukumbuka bado nakuona juu ya ngazi, sitakudanganya. Lakini nimekaa ndani miezi mingi najificha watu, najua kulivyo huko, na sitaki mama mzee akae huko kwa ajili yangu.

Wanasema Ramadhani inaweza kuanza mwisho wa wiki. Mwezi ukiandama, nenda kafuturu kwa mama yako.

Dada yako,
Somoe