Mkwe Wangu Ananizimia Simu ya Mwanangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijaibomoa nyumba ya mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe, maana nimefika mwisho wa akili na mtu wa kumwambia sina.

Mimi ni mjane, kazi yangu ni kufuma vitambaa vya makochi, macho yameanza kunichoka na simu hizi za kugusa kioo siziwezi, mimi ni wa simu ya mezani, na hiyo tunayo tangu mwanangu wa pekee yuko darasa la kwanza, namba yake aliikariri kwa kuiimba, akienda dukani anaimba, akienda chooni anaimba, na leo ana ndevu, yuko nchi ya mbali anachomelea vyuma, bado anaipiga bila kuitazama popote. Mwaka huu kampuni ya simu ikasema nyaya za zamani basi, simu sasa itapita kwenye intaneti, wakaleta visanduku viwili, kimoja wanakiita ruta na kingine adapta, simu yangu ikachomekwa kwenye adapta, namba ikabaki ileile, nikamshukuru Mungu.

Na nikavitunza, mshauri, asije mtu akasema sikuvitunza. Nilikipandisha kimoja juu ya kingine kwenye meza ya pembeni visichukue nafasi, nikavifumia kitambaa chao cha uzi mzito, cha maua, kinachofunika mpaka chini ili vumbi lisipate pa kupitia. Kila asubuhi napangusa meza, navifunika upya, nakaa kufuma. Lakini ikifika alasiri saa kumi, saa ileile mwanangu anayopiga Jumatano na Jumamosi, nikinyanyua mkonga wa simu hakuna mlio, na ile taa ya adapta imekuwa nyekundu. Yeye huko anaambiwa namba haipatikani, basi anampigia mkewe kwenye simu ya mkononi, huko duka la dawa anakofanya kazi, wanaongea wao, mimi naletewa salamu jioni zimeshapoa.

Fundi kaja mara tatu. Kila akija nakitoa kitambaa kwa heshima ili afanye kazi yake, namwekea chai, anakaa saa nzima anapima, taa ya kijani, simu inalia, ananiambia, "Mama, mbona haina neno hii?" Akiondoka nafunika vizuri, na kesho yake alasiri imekufa. Nikajiuliza ni ugonjwa gani huu unaomwogopa daktari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ndani ya nyumba hii tuko wawili tu, mimi na mkwe wangu.

Nilikuwa nampenda, sitasema uongo, nilikuwa namwita mwanangu. Lakini siku moja alinitamkia, "Mama, hiki kitambaa si kingependeza zaidi kwenye kochi?" nikajua kazi ya mikono yangu inamkera. Halafu Jumatano moja nikajifanya nimelala. Akarudi kutoka kazini, akavua viatu, akanyata, akafunua kitambaa, akashikashika vile visanduku, akasimama pale muda mrefu, akanyanyua mkonga akasikiliza, akaurudisha, akafunika tena. Nikainuka baadaye nikajaribu, mlio upo! Sasa niambie, anayejua kuiwasha si ndiye anayeizima?

Jumamosi iliyopita ikafa tena na aliporudi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mtoto umenichukulia hukutosheka, sasa unanichukulia na sauti yake. Rudi kwenu." Alisema tu, "Mama, mimi nilikuwa kazini," akaingia chumbani. Sasa mabegi mawili yako kwenye korido, kaka yake atakuja kumchukua mwisho wa mwezi, na siku hizi simwiti "mwanangu" tena, namwita "wewe." Mwanangu hajui lolote. Je, nimwache aende nipate amani na simu yangu, au nimweleze mwanangu kwanza achague mwenyewe?

Ni mimi, Mfumaji Asiye na Mlio

*

Mama mfumaji,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili nilicheka, ya tatu nikakasirika, kwa hiyo kaa vizuri, vyote vinakuja.

Pole, na naisema kwa moyo. Kukaa na mkonga sikioni ukisubiri sauti ya mtoto wako wa pekee, usisikie kitu, hilo linauma, na anayekucheka kwa hilo hajazaa.

Sasa nikuulize. Simu inakufa saa kumi, mkweo yuko duka la dawa mpaka jioni. Mkono wake una urefu gani? Mwenyewe alikwambia alikuwa kazini, hukumsikia, maana hukumu ulikuwa umeshaitoa.

Kikulacho ki nguoni mwako, umesema kweli tupu. Ni hicho kitambaa. Vile visanduku hupata moto vikifanya kazi, ndiyo maana vina matundu ubavuni. Wewe umevibebanisha kimoja juu ya kingine, kisha umevivika sweta zito kuanzia asubuhi. Kufika alasiri vimechemka, adapta inazimia na laini inapotea. Fundi akija unavivua, vinapoa, vinafanya kazi. Akitoka unavivalisha. Hakuna ugonjwa unaomwogopa daktari hapo, mama, wewe ndiye unayemficha mgonjwa blanketini daktari akishatoka mlangoni!

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonikasirisha. Yule uliyemvizia kwa usingizi wa uongo alikuwa anafanya nini pale? Alifunua, akangoja vipoe, akahakikisha mlio umerudi, akafunika tena ili usijue. Alishajaribu kukwambia kwa adabu kwamba kitambaa kikae kwenye kochi, ukanuna. Tangu hapo amekuwa akisimama siku nzima dukani, kisha akirudi anasimama tena mezani kwako kuifufua simu yako kimyakimya. Huyo ndiye unayemfukuza. Na yeye ana kosa lake, angesema wazi, ila nani angesema wazi mbele yako?

Fanya hivi leo hii. Kitoe kitambaa. Vitenganishe hivyo visanduku, kila kimoja kikae peke yake penye hewa. Chomoa vyote kwenye umeme, vipoe dakika kumi. Washa ruta kwanza, subiri taa zake zitulie, ndipo uwashe adapta, na usinyanyue mkonga mpaka taa iwe ya kijani. Kisha siku tatu usiviguse, vumbi halijamuua mtu, utalipangusa vikiwa vimezimwa. Simu ikikatika hata hivyo, mwite fundi, na safari hii umwonyeshe vinavyokaa siku zote, siyo unavyovipamba akibisha hodi. Mimi sijaviona, ila kalamu yangu naiweka rehani haitakatika.

Habari ya mwanao kuchagua kati yenu, ifute. Usimtwishe mtu aliye mbali mzigo ulioufunga wewe. Nenda kwa mkweo leo, kabla hajala, umwambie, "Nilikosea." Usiseme "tusameheane," yeye hajakukosea. Hayo mabegi yabebe wewe, urudishe nguo kabatini moja moja. Na kitambaa kitandike kwenye kochi, palepale alipokwambia.

Kisha mwombe achukue ruhusa Jumamosi. Saa kumi simu ikilia, usiikimbilie. Mwache anyanyue mkonga yeye. Mumewe akishangaa na kuuliza, "Nani mwenzangu?" usimwache ajibu. Jibu wewe, kwa sauti itakayofika mpaka huko anakochomelea vyuma: "Ni mwanangu amepokea."