Mabati ya Mgane

Jumatatu, 5 Machi 2012
Naliomba radhi daftari hili. Tangu Krismasi sijaliandikia neno. Sikuwa mgonjwa; nilichoka kuandika yaleyale. Leo nilikuwa napalilia maharage, Furaha akapita. Yatima, miaka kumi na tisa. Amerudi Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi, kutoka mjini Mbarara. Huko alipanga chumba mtaa wa Ruharo. Kodi ilipochelewa, mwenye nyumba aling'oa mlango akaenda nao. Sasa yuko katika nyumba ya marehemu mama yake. Kuta zipo. Turubai la juu limeoza.

Jumatano, 7 Machi
Shemasi wetu anasema dawa ya Furaha ni mume. Anamtaja Bisimwa, mgane mwenye watoto sita. Nilimwambia binti anahitaji paa. Akacheka: "Mwalimu, mutoto mwanamuke peke yake mu nyumba, batu batasema nini?" Watu wanasema tayari. Hakuna aliyemletea hata fito.

Jumamosi, 10 Machi
Furaha alikwenda kuuza nyanya sokoni Kaberebere. Huku nyuma wanaume wa kanisa wakaiezeka nyumba yake kwa mabati mapya ya Bisimwa. Hapa kila mtu anajua maana yake: akilala chini ya mabati hayo, amekubali posa. Waliimba. Waliniomba nisali. Nilikataa. Nina hasira.

Jumapili, 11 Machi
Furaha alilala nje. Alfajiri alipanda, akayang'oa mabati yote, akayapanga mlangoni kwa Bisimwa. Baada ya ibada shemasi akamwita mwenye kiburi. Furaha akajibu: "Baba Shemasi, mi siko mbuzi ya kufunga fasi iko kivuli. Kama mabati ni mazuri, umupatie binti yako." Wanawake wakaziba midomo. Mimi nilicheka waziwazi, kwa umri wangu.

Jumanne, 13 Machi
Kamati ya kijiji imesema kiwanja ni cha familia, na msichana mmoja si familia. Aolewe au ahame. Watu waliofukuzwa makwao wanamfukuza binti kwake. Nilisimama nikawaambia hivyo. Bisimwa alitazama viatu vyake. Nimepeleka malalamiko ofisi ya makazi.

Alhamisi, 15 Machi
Mvua tangu mchana. Tumempa Furaha turubai la jiko letu. Mke wangu anapikia sebuleni. Moshi unaniuma macho, lakini yeye halalamiki. Furaha amepanda viazi vitamu nyuma ya nyumba. Ofisi haijasema kama atavivuna yeye. Watakapoamua, nitaandika.