Karatasi Niliyoibeba Mara Kumi na Moja

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Ni matumaini yetu zitakukuta mzima, pamoja na shemeji na wapwa zangu. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema sasa unapanda ngazi bila kumwita mama kila hatua. Sisi huku hatujambo, na mimi hasa, kama utakavyoona.

Unajua kwamba kwa miaka kumi na tisa nimekuwa tarishi wa ofisi za manispaa, nikitoa barua chumba hiki na kuzipeleka kile. Usilolijua ni kwamba miaka mitatu iliyopita nilijiandikisha chuoni, masomo ya jioni, kusomea utawala wa umma. Wifi yako nilimwapisha asikuambie. Niliogopa kwamba nikishindwa utaumia kuliko mimi.

Siku ya kwanza wanafunzi walisimama wakidhani mhadhiri ameingia. Nilipokwenda kukaa dawati la nyuma walicheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo naitwa Mzee Faili. Ni watoto wazuri. Kuna binti anataka kuendesha hospitali: hataki kutibu mtu, anataka dawa ziwepo na zamu zipangwe vizuri. Mwingine anataka kwenda idara ya maji, mwingine ofisi ya utumishi, na mmoja alisema wazi kwamba yeye anachotaka ni kiti kinachozunguka. Mhadhiri wetu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alimjibu kwamba viti hivyo vipo tele, ila mbele ya kila kimoja kuna watu wamesimama.

Mwaka wa mwisho alituagiza kila mmoja achague ombi moja la wananchi alifuatilie meza kwa meza. Nikachagua la wazazi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya ofisi yetu. Walikuwa wameomba kivuko kichorwe barabarani watoto wavuke salama, na ombi lilikuwa na miaka minne. Nikapewa ruhusa ya kufungua vitabu vya kupokelea barua. Dada, nilikuta saini yangu. Nikafungua kitabu kingine, saini yangu tena. Karatasi ile ile nilikuwa nimeibeba mara kumi na moja: kutoka idara ya barabara kwenda elimu, elimu kwenda usalama, usalama kwenda mipango, kisha barabara tena. Kila meza ilikuwa imeandika pembeni “kwa hatua zenu” na kuisukuma mbele. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyekubali. Na mimi katikati yao, napiga mluzi kwenye korido.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikaona aibu ya kweli. Kisha nikaandika ripoti ya yote, tarehe kwa tarehe. Mhadhiri aliposoma aliniambia nimpelekee mkurugenzi wa manispaa mwenyewe, tena nisiiache kwenye trei, nimpe mkononi. Nikapiga moyo konde. Mkurugenzi aliisoma nikiwa nimesimama, akaniuliza nani alinisaidia.

“Miguu yangu, bosi,” nikamwambia.

Akaniambia nivute kiti. Siku hiyo hiyo akawaita wakuu wa idara zote nne chumba kimoja. Walibishana, kila mmoja akidhani saini ya mwenzake ndiyo hutangulia, na baada ya dakika ishirini ikaonekana kwamba iliyokosekana ni moja tu, ya barabara. Jumatano iliyofuata mafundi walikuja na ndoo za rangi nyeupe. Nilikwenda kutazama. Magari yakasimama, watoto wakavuka wawili wawili, wakiruka mstari hadi mstari kama wanacheza. Nililia mbele za watu wala sikujificha.

Mwezi uliopita ilitangazwa nafasi ya afisa tawala msaidizi, dawati la maombi ya wananchi. Tuliomba wengi. Nimeipata mimi, na nimeshaanza. Tarishi mpya ni mama mmoja mchangamfu. Nimemwomba akiona karatasi ile ile mara ya tatu aje aniambie.

Sasa kuna jambo ambalo siwezi kukuficha tena. Nilipokuwa na miaka ishirini ulinisindikiza hadi lango la chuo hiki hiki kwa usaili, ukaninyooshea kola. Jioni nilikuambia mkuu wa chuo alitazama viatu vyangu akanikataa. Si kweli, Dada. Niliwaona vijana wenzangu wakiongea kwa kujiamini pale barazani, nikajiona si wa pale, nikatokea mlango wa nyuma na kukaa kituo cha basi hadi muda wa kurudi. Yule mzee hakuwahi hata kuniona. Nawe umemnunia miaka ishirini na miwili. Uliwahi kuhama benchi msibani usikae naye, na harusini alikunyooshea mkono ukampa mgongo. Kila mara nilitaka kusema, nikameza maneno. Ulinipigania vita ambavyo mimi nilivikimbia. Nisamehe.

Mahafali ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, na kiti chako kiko safu ya mbele. Yule mkuu wa chuo amestaafu lakini amealikwa, naye atakaa kando yako. Wiki iliyopita nilikwenda kwake nikamweleza kila kitu. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema miaka yote amekuwa akijiuliza alikukosea nini. Atakunyooshea mkono tena. Safari hii, Dada, upokee.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja. Wifi yako anasema chumba chako ameshakiandaa, na goti lisiwe kisingizio.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye.