Usichote Tena Maji ya Kisima Kile

Voi,
14 Septemba 1984

Kwa dada yangu mpendwa Wakio,

Salamu nyingi kutoka hapa Voi. Natumaini kifua cha shemeji Alexander kimetulia na watoto wameamka salama. Mimi mwili ni mzima.

Dada, kabla hujaketi kusoma, wazuie watoto wasiguse maji ya kisima, wala mayai, wala sukumawiki ya pale chini kisimani. Najua ukame ulivyowabana. Kitheka, dereva anayekuletea barua hii, amebeba mitungi sita ya maji, tumieni hayo. Kuyachemsha yale ya kisima hakusaidii kitu.

Unamkumbuka Daktari Mulei, mtafiti wa chuo kikuu ninayemsaidia, tuliyepita naye hapo Julai tukachukua udongo, maji na mayai ya kuku wako. Anatafuta mabaki ya dawa za wadudu zilizotumiwa zamani mashambani na kwenye majosho ya ng'ombe. Husema dawa hizo haziozi upesi. Hukaa ardhini miaka na miaka, zikaingia kwenye mafuta ya mnyama, kwenye yai, hata kwenye maziwa ya mama. Jana majibu yalifika kutoka maabara ya Nairobi. Mayai yako yalikuwa na sumu kuliko ya Mata, kuliko ya Mraru, kuliko ya kote tulikopita. Daktari alidhani wamekosea, akapiga simu. Wakamwambia wamepima mara mbili. Akaniuliza ni kitu gani kiliwahi kumwagwa hapo Marungu. Nikamjibu sijui.

Nilijua. Niliwaza degedege ya mwanao Mable, na mbuzi wenu waliokufa wakitetemeka, na jirani yako Mbula, mliyemwita mchawi kwa ajili ya hayo mpaka akaacha kuja kanisani. Siku ile alipoitwa ajieleze nilikuwa nimeketi hapo kwenu, nikanyamaza.

Dada, aliyewatilia sumu ni mimi. Mwaka 1971, nilipokuwa karani wa josho la hapo Marungu, tuliambiwa dawa ya zamani isitumike tena, na mapipa manane yaliyobaki yapelekwe Voi. Lori halikuja. Nilikuwa na haraka ya kwenda likizo. Nikatafuta watu wawili, tukayafukia nyuma ya zizi la josho, nikaandika kwamba yamechukuliwa. Miaka minane baadaye, shemeji alipochimba kisima hatua thelathini kutoka hapo, kamba ya kuvuta udongo niliishika mimi. Nilijiambia chuma hakipitishi kitu. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Leo asubuhi nimemweleza daktari. Hakunigombeza. Alinipa karatasi, akaniomba nimchoree mahali penyewe. Jumatatu tutakuja na watu wenye glavu na buti, tuyafukue mapipa na udongo wote ulioloa, ufungiwe vizuri uondolewe. Nilimwuliza kisima kitapona lini. Alisema labda wajukuu wa Mable watakunywa maji yake.

Mpandishe Mable gari la Kitheka leo hii. Hospitali wanamngoja, nami nitakuwa mlangoni. Kazi wakininyang'anya sijali. Namhofia mtoto, na naogopa macho yako.

Nisalimie shemeji na wote wa nyumbani, Mungu awafunike. Mbula usimpe salamu zangu. Jumatatu, kabla sijagusa jembe, nitakwenda kwake mimi mwenyewe.

Mdogo wako,
Donald Mwandawiro