Majivu kwenye Vizimba vya Panya

Jumatatu, 3 Machi. Kitale.
Maabara, saa moja unusu. Panya weupe ishirini na wanne, wote hai. Kundi la kwanza: chakula cha kawaida. Kundi la pili: chakula kisicho na kalsiamu. Nimepiga makofi mbele ya kila kizimba. Masikio yote yamecheza. Dakta, mwenye utafiti huu, anangoja kundi la pili lianze kutosikia, maana sikio la ndani hutegemea kalsiamu. Wiki ya sita sasa. Bado wanasikia.

Jumatano, 5 Machi.
Utitiri uliokuwa ukiwawasha panya umeisha. Majivu ya jiko langu la kuni hapa Kibomet yamefanya kazi. Nanyunyiza vizimba vyote tangu wiki ya kwanza, kama mama alivyofanya kwenye banda la kuku kule Kabuchai nilipokuwa mtoto. Jumamosi asubuhi, kuku wametolewa nje, mama ameinama mlangoni mwa banda na kopo lililotobolewa. Mimi na ufagio. Vumbi la kijivu, harufu ya moshi wa jana, mama akipiga chafya na kucheka. Natamani asubuhi moja tu ya zile.

Alhamisi, 6 Machi.
Majibu ya damu yamekuja. Kalsiamu ya kundi la pili haijashuka. Dakta amekasirika. Ati waliotuuzia chakula ni waongo. Anaandika barua ya kuwashtaki.

Ijumaa, 7 Machi.
Nimefungua kitabu changu cha kilimo cha sekondari. Majivu ya kuni yana kalsiamu nyingi. Na panya hujilamba manyoya kutwa, wakayameza.
Ni mimi. Si chakula.
Naogopa. Nina miaka hamsini na tatu. Nani ataniajiri? Barua inatumwa Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi.
Nimemwambia kabla hajatia sahihi.
"Mzee Wafula, majivu?"
"Majivu, Dakta."
"Ya jikoni?"
"Ya jikoni."
Akaichana barua. Kazi ya wiki sita imeharibika. Amesema niende nyumbani, ataniita akiamua. Nimeona aibu hata kumuaga mlinzi.

Jumamosi, 15 Machi. Kabuchai, Bungoma.
Dakta hajapiga simu. Nimemweleza mama yote. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi.
"Hao panya walikuwa wanawashwa?"
"Walikuwa."
"Wakaacha?"
"Wakaacha."
"Sasa ulikosa wapi, mwanangu?"
Nimevuta kigoda, nikachukua hindi. Tumepukuchua pamoja hadi jua likazama nyuma ya miwa.